Kibanda cha rafiki yangu kiliungua, nami nikatabasamu

Shikamoo mama,

Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Buguruni, Dar es Salaam. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta. Leo naiandika usiku, mume wangu amelala, unga wa maandazi ya kesho nimeshaukanda na kuufunika. Nikiiacha tena najua sitaiandika.

Nina rafiki ambaye tuna jina moja, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tunaitana somo. Watoto wake wananiita mama somo, wangu nao wanamwita hivyo hivyo. Tulikutana mwaka 2009 soko la Karume, Ilala, wote wageni wa biashara ya mitumba, wote tukimwaga nguo chini kwenye turubai. Belo zima la nguo za watoto hakuna kati yetu aliyeweza kulinunua peke yake, tukawa tunachanga nusu kwa nusu. Alfajiri tunalipasua, tunachambua. Zile za namba moja tunagawana moja moja, wewe hii, mimi hii, mpaka ziishe. Zilizochakaa tunazirundika pamoja na kuziuza kwa bei ya kutupa.

Mimi ndiye niliyekuwa najua. Mama yangu aliuza mitumba Tanga, nimekua naona namna ya kulibonyeza belo na kulikadiria kabla halijafunguliwa. Somo alitoka Singida hana analolijua. Nilimfundisha yote, hata jinsi ya kumjibu mteja anayetaja bei ya matusi.

Mwaka 2014 akahamia kwenye mapazia na mashuka. Aliniambia tuhame wote, nikakataa, nikaona nguo za watoto ndizo zenye mzunguko. Alipata. Kibanda kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Akanunua kiwanja Chanika, akajenga. Mimi mwaka 2018 mama aliugua figo, nikauza kibanda changu ili tumtibu. Mama hakupona. Tangu hapo nakaanga maandazi na vitumbua nyumbani, nasambaza kwenye vibanda vya chai.

Somo hajawahi kunitendea ubaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Mwanangu wa kwanza alipochaguliwa shule ya bweni, yeye ndiye aliyenunua godoro, tranka, ndoo na sare. Kila Idi analeta nguo. Na kila anaponitambulisha kwa watu husema, "Huyu ndiye aliyenifundisha kupasua belo." Watu wanashangaa. Halafu macho yao yanashuka kwenye viatu vyangu.

Mwanzoni mwa Januari 2022 alifanya dua ya kufungua nyumba yake Chanika. Nilikwenda tangu asubuhi, nikapika pilau na wanawake wengine. Jioni nikiwa nyuma ya nyumba nasugua masufuria, nikasema moyoni, "Mungu, naye mwonjeshe kidogo." Sikusema zaidi ya hapo. Nikamaliza masufuria, nikaaga, nikapewa na pilau ya kwenda nayo nyumbani.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 16 mwezi huo huo, soko liliungua. Alinipigia simu: "Somo, tunaungua." Nikavaa dera juu ya nguo ya kulalia, nikachukua bodaboda. Anga ya upande wa Ilala ilikuwa nyekundu. Na pale nyuma ya bodaboda, mama, nilihisi kifua kimekuwa chepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Maneno yaliyonijia yalikuwa haya: "Sasa tuko sawa." Nilitabasamu. Gizani, nyuma ya mgongo wa kijana nisiyemjua, mwenzangu anateketea, mimi nilitabasamu.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa mtaro, kanga kichwani, mguu mmoja hauna kandambili. Alinikumbatia. Nililia kweli. Watu wa soko wakasema, "Rafiki ndiyo huyu." Alikuwa na mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na mzigo mpya alioushusha Ijumaa. Nilikwenda kukaa kwake siku 9, nikipika, nikipokea wanaokuja kumpa pole, kama msibani.

Sasa amesimama tena. Wiki mbili zilizopita aliniita, akaniambia anafungua duka la mapazia Mbagala na anataka nilisimamie mimi. Alisema, "Usiku ule ndugu zangu walipiga simu kuuliza kimeokolewa nini. Wewe ndiye uliyekuja kulia na mimi." Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema Mwenyezi Mungu ametufungulia mlango, nasubiri nini.

Nikikubali, nitakuwa nakula fedha ya uongo. Nikikataa bila sababu, namvunja moyo. Nikimwambia ukweli, sijui atabaki na nani. Na kuna jambo ambalo hata kuliandika mkono unatetemeka: bibi yangu alikuwa akituambia jicho la husuda linaangusha hata mti. Naogopa kwamba ni maneno yangu ya kwenye masufuria. Sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Niambie, mama, mimi ni mtu wa namna gani?

Somo, Buguruni

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako usiku, nikairudia asubuhi kwa sababu usiku nilikuwa na machozi na machozi hayasomi vizuri. Niruhusu nianze na lile ulilolificha mwishoni, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko hilo duka.

Unaogopa kwamba wewe ndiye uliyelichoma soko. Moto ule uliteketeza mali za maelfu ya wafanyabiashara. Waliunguliwa wauza viatu, wauza mikoba, mafundi cherehani, vijana waliokuwa wameanza biashara wiki ile, wanawake wajane, watu usiowajua hata kwa sura. Ulikuwa na neno gani nao? Mbona hata yule aliyekuwa jirani yako kwenye turubai mwaka 2009, kama bado alikuwepo, naye aliungua? Soko lililosongamana vibanda vya mbao na kujaa nguo halihitaji jicho la mtu ili liwake. Bibi yako alikufundisha kuuchunga moyo, na alifanya vyema. Lakini Mungu hapokei amri kutoka kwa mwanamke aliyechoka anayesugua masufuria. Ulichosema pale kilikuwa kilio kilichotoka vibaya. Kama kinakukera kama dhambi, kiombee toba kama dhambi. Moto uuondoe kwenye hesabu yako.

Sasa turudi kwenye bodaboda.

Umeniambia ulihisi wepesi, ukatabasamu. Neno hilo umeliandika mara mbili. Kulia umekutaja mara moja tu, ukaona uweke "kweli" mbele yake kana kwamba nitabisha. Sibishi. Nauliza tu kwa nini umeamua kwamba lile la kwanza ndilo wewe halisi na hili la pili ni maigizo. Katika miaka mingi ya kuzungumza na watu nimekuta moyo una vyumba, na mara nyingi wageni wawili wasiosalimiana wanalala humo usiku mmoja. Mama anamzika mume aliyempiga miaka 20, analia mpaka anaishiwa sauti, na usiku ule ule analala usingizi mzito ambao hajaupata tangu aolewe. Kipi ni cha uongo hapo? Vyote viwili ni vyake.

Jambo lako si la ajabu kama unavyodhani. Mwaka 2009, mwaka ule ule mliokutana na somo, watafiti wa Japani wakiongozwa na Hidehiko Takahashi walitoa matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa watu waliokuwa wakisoma habari za wenzao waliofanikiwa. Wivu uliamsha sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu. Yule anayeonewa wivu alipopatwa na balaa, ikaamka sehemu inayohusika na raha ya kupata kitu. Na waliokuwa wameumia zaidi kwa wivu ndio walioonja zaidi raha ile. Sikwambii haya ili uone tabasamu lako ni jema. Nakwambia ili ujue kwamba kilichotulizwa usiku ule kilikuwa maumivu, na maumivu hayo ulikuwa nayo siku nyingi bila kuyaambia mtu.

Mimi nilikuwa mwalimu Tanga. Mwenzangu tuliyeanza naye kazi alipandishwa cheo mbele yangu, naye alikuwa mtu mwema, mkarimu, aliyenisaidia nilipojifungua. Mwaka uliofuata darasa alilolisimamia lilifanya vibaya sana kwenye mtihani. Nakumbuka chai niliyokunywa asubuhi ile ofisini, jinsi ilivyokuwa tamu. Jioni nilimsindikiza nyumbani, nikamshika mkono njia nzima, na nilikuwa namhurumia kwa dhati. Nimestaafu sasa na bado ladha ya chai ile naikumbuka. Kwa hiyo sikuandikii nikiwa juu ya mti.

Kuna maneno ya kanga ambayo wote tumeyavaa: "Hasidi hana sababu." Nimeyafikiria sana tangu nisome barua yako, na naona safari hii kanga haikusema kweli yote. Wewe unazo sababu, umeniandikia mwenyewe bila kujua kwamba unaziandika. Umeniambia habari ya macho ya watu yanavyoshuka hadi kwenye viatu. Umeniambia nani aliyekuwa akijua kulibonyeza belo. Umeniambia kwamba mwaka 2014 ulipewa nafasi ukaikataa, na nadhani hiyo inakuchoma zaidi kwa sababu huna wa kumlaumu. Halafu kuna maneno mawili ambayo yamenisimamisha: "Mama hakupona." Umeyaandika hivyo hivyo, ukaweka nukta, ukaenda kwenye maandazi.

Mwanangu, uliuza kibanda ulichokijenga kwa miaka tisa, ukampoteza mama, na mtaji ukazikwa naye. Wewe pia uliungua, mwaka 2018. Moto wako haukuonekana angani, hakuna aliyekuja usiku amevaa dera juu ya nguo ya kulalia. Au alikuja? Nimetafuta kwenye barua habari ya somo alikuwa wapi wakati ule, sijaiona. Huenda alikuwepo bega kwa bega ukasahau kuitaja. Huenda alituma fedha kwa simu na asije. Huenda alikuja ukamficha ukubwa wa jambo, kama tunavyofanya wanawake wengi, tunasema "namshukuru Mungu" huku nyumba inadondoka. Sijui ni lipi kati ya hayo, lakini ningekuwa wewe ningelitazama hilo kabla ya kutazama tabasamu.

Maana uliposema "sasa tuko sawa," nimejiuliza ulimaanisha usawa gani. Urafiki wenu ulianzia kwenye kugawana moja moja, wewe hii, mimi hii. Kwa miaka mingi sasa yeye ndiye anayetoa na wewe ndiye unayepokea, godoro, tranka, nguo za Idi. Mkono unaopokea tu huchoka, hata unapopokea kutoka kwa anayekupenda. Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliona kwamba watu huwaonea wivu walio karibu nao kwa umri, kwa mahali na kwa kazi. Ndivyo ilivyo. Wenye maghorofa ya Kariakoo unawapita kila wiki wala hawakunyimi usingizi. Anayekunyima usingizi ni mtu mwenye jina lako, aliyeanza na nusu ya belo lako.

Sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Haikuwa hamu ya usawa peke yake. Wanazuoni wetu hutofautisha kutamani upate kama alichonacho mwenzio, ambako huita ghibta, na kutamani kimtoke mwenzio hata kama wewe hupati kitu, ambako ndiko husuda. Kwenye masufuria ya Chanika ulikuwa upande wa husuda, na nadhani unalijua hilo, ndiyo maana mkono unatetemeka. Lakini baada ya hapo ulikaa siku 9 ukimpikia na kumpokelea wageni. Hukulitumia tabasamu lile kwa lolote. Hukumsema sokoni, hukuchelewa kwenda, hukumpunguzia huruma. Wazo lilipita nyuma ya bodaboda, wewe ukaendelea na safari hadi ukafika kwenye ule mtaro.

Sasa hilo duka. Umeniwekea milango mitatu na kila mmoja umeshaufunga. Tuifungue kidogo tuone ndani kuna nini.

Kumwambia kila kitu. Najua mvuto wake, mtu anatamani kutua. Lakini jiulize ukitua, mzigo unatua wapi. Utamwondolea yule rafiki aliyelia naye usiku ule, na yeye amejenga imani yake kwa watu juu ya kumbukumbu hiyo. Ataanza kuzirudia zile siku 9 moja moja, akichunguza kila kikombe cha chai ulichompa. Na kama yeye naye amelelewa kuogopa jicho la husuda, masufuria yatamkaa kichwani maisha yote. Kwa upande mwingine, nimewahi kuona marafiki wawili waliosemezana jambo zito kama hili, wakanyamaziana miezi, kisha wakarudi wakiwa ndugu kuliko mwanzo. Siwezi kukuahidi lolote kati ya hayo mawili. Wewe ndiye unayemjua, una miaka mingi naye.

Ila ukweli hauji kwa ukubwa mmoja tu. Kuna ukweli mdogo ambao hujamwambia na ambao yeye anaweza kuufanyia kitu. Kwa mfano, kwamba unaponitambulisha kwa maneno yale naumia. Au kwamba kuna siku nakuonea wivu, somo, na sipendi ninavyokuwa siku hizo. Au kwamba nilipouza kibanda nilitamani ungekuja ukae na mimi. Tabasamu la bodaboda hawezi kulirekebisha, lilishapita. Haya anaweza kuyajibu. Anaweza hata kukushangaza na yake. Aliyepanda naye ana mambo ambayo hamwambii aliyebaki chini. Inawezekana anakutambulisha vile kwa sababu anaona aibu kukupita na hajui njia nyingine ya kuilipa.

Kukubali na kunyamaza. Watu wengi wangefanya hivyo, na sioni kuwa ni unafiki kila wakati. Si kila kilichopita moyoni kina deni la kutamkwa. Tatizo ninaloliona ni jingine. Umeshasema ungekuwa "unakula fedha ya uongo." Ukiingia dukani na wazo hilo, utafanya kazi kama mtu anayelipa faini. Hutaomba likizo, hutadai mgao wako, hutasema mzigo huu ni mbovu usiuchukue, kwa sababu kila ukitaka kufungua mdomo utajiona huna haki. Na wivu nao hautabaki Buguruni ukikaanga maandazi, utapanda daladala na wewe hadi Mbagala, utakaa kaunta na wewe, utahesabu mauzo ya mwenzio kila jioni. Kuna wanaopona wivu kwa kukaa karibu, wakaona mikopo, madeni na hofu zilizo nyuma ya yale mapazia. Kuna ambao wivu uliwazidi. Sijui wewe ungekuwa wa kundi gani.

Kukataa. Hapa nataka nikuulize jambo ambalo barua nzima haikuligusa: wewe unalitaka hilo duka? Umeniambia anavyotaka somo, umeniambia anavyotaka mume wako. Wewe hujasema. Kama hulitaki kwa sababu hupendi kuwa chini ya rafiki, au kwa sababu mapazia si kazi yako, hiyo ni sababu halali, inasemeka mchana kweupe na haina haja ya kujificha nyuma ya moto. Kama unalitaka na unalikataa ili ujiadhibu, basi watoto wako watatu wataitumikia adhabu hiyo pamoja na wewe, na somo atabaki akijiuliza alikukosea nini.

Na huenda kuna njia ambayo haijatajwa na yeyote. Wewe ni mtu wa nguo za watoto. Ujuzi ule wa Tanga haukuungua. Unaweza kumwuliza kama duka la Mbagala lina pembe ambayo utaweka mzigo wako, kwa mtaji wako hata uwe mdogo kiasi gani, na huku ukimsimamia mapazia. Kuwa na hesabu yako mwenyewe, hata usiku mmoja tu wa wiki, kunaweza kubadilisha namna unavyomtazama. Nasema kunaweza. Vilevile kunaweza kuleta ugomvi wa nani anatumia nafasi kubwa.

Kwa vyovyote mtakavyoamua, mambo ya fedha yaandikwe. Je, ni mshahara au ni mgao wa faida? Mwezi mbaya ukija nani anabeba? Duka linafunguliwa kwa fedha yake au kwa kausha damu nyingine? Hili la mwisho muulize waziwazi, maana ukiwa msimamizi wanaodai watakuja kwako kwanza. Na hao ndugu zake wanaowekwa kando, wanajua? Andikeni, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa na mashahidi, kila mmoja abaki na nakala. Najua utaona haya kumwambia rafiki wa miaka yote hii kwamba mnahitaji karatasi. Lakini mlipokuwa hamna kitu mlikuwa mnagawana shati moja moja, mbele ya macho ya wote wawili, na hakuna aliyeona haya.

Kuhusu mume wako. Si lazima umwambie habari ya bodaboda. Lakini mwambie unaogopa. Yeye anaona umepewa mlango na umesimama, hajui kwamba unatetemeka. Kama hata hilo ni zito, tafuta mtu mzima mmoja unayemheshimu, wa msikitini au wa ukoo, mwenye kifua. Miaka hii yote jambo hili limekaa kwako peke yako, na jambo likikaa gizani peke yake hunenepa. Nafurahi kwamba leo tunalitazama wawili.

Umeniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Nilikusudia kukujibu, kisha nikaona siwezi kutoka kwenye barua moja, wala sidhani kama swali hilo lina jibu la neno moja kwa yeyote kati yetu. Ninachoweza kusema ni kwamba kutoka Buguruni hadi Mchikichini, pale penye soko la Karume, ni mwendo mfupi kwa bodaboda, na Chanika ulikaa siku 9.

Umesema anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Unaruhusiwa kumwomba muda. Nenda kwake siku isiyo ya biashara, watoto wakiwa shule, umpelekee hata vitumbua vya asubuhi ile, mkae. Mwambie jibu la duka bado unalitafuta, na kwamba kabla ya duka kuna jambo la mwaka 2018 unataka mlizungumze, habari za mama yako na kile kibanda. Kisha nyamaza, umsikilize atakavyosema.